Anayeshika Daftari Naye Aulizwe

Simu inaita asubuhi, namba ngeni. Anayeongea anakutaja kwa majina yako matatu, anajua uko Tukuyu, na anajua kwamba juzi umeingiziwa hela ya chai. Anajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Laini yako ina hitilafu, anasema, na itafungwa leo hii usipofuata maelekezo yake. Sisi tuliolelewa kuitikia haraka tukisikia jina la baba likitajwa, hapo hapo tunalegea. Hela ikishaondoka ndipo majirani wanapokuja na pole zenye lawama ndani yake: kwani hukusikia matangazo? Namba ya siri ulimpaje?

Swali ambalo halipati mwulizaji ni hili: yule mtu majina yangu matatu aliyatoa wapi?

Nimeanzia hapo makusudi. Ushauri mwingi wa usalama wa mtandao tunaousikia redioni humtwika mwananchi mzigo wote. Usitoe namba ya siri, usibonyeze usichokijua, kuwa makini. Ni maneno ya kweli na nitayarudia mengine humu. Ila umakini wa bibi wa Masoko, anayetumia simu ya vitufe na miwani ya kuazima, hauwezi kuziba tundu lililotobolewa na ofisi iliyobandika ukutani orodha ya majina, namba za simu na kiasi alicholipwa kila mtu. Kwa hiyo ushauri wangu una pande mbili: upande wa mwenye taarifa, na upande wa yule aliyezichukua na kuziweka kwenye daftari lake. Wa pili huyo ndiye anayeachwa apumzike.

Turudi kwenye majina. Njia ya kwanza ya kuyapata ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ukitaka kumtumia mtu hela kwa simu, kabla hujathibitisha, skrini inakuonyesha jina la mwenye namba. Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, usije ukakosea ukamtumia mwingine. Lakini tapeli naye anaweza kuandika namba yoyote ile, akasoma jina, kisha akaghairi muamala. Hajalipa hata senti. Basi liweke hili kichwani na umweleze kila mzee nyumbani kwako: mtu kukutaja jina si ushahidi kwamba anatoka kampuni ya simu, benki wala serikalini. Kampuni zenyewe zimekuwa zikitangaza kwamba zikimpigia mteja zinatumia namba 100. Namba ndefu ya kawaida ikijiita huduma kwa wateja, kata. Huna sababu ya kumuaga.

Njia ya pili iko kaunta. Nenda kwa wakala yeyote mjini Tukuyu, au pale Kiwira siku ya soko la ndizi foleni ikiwa ndefu. Daftari kubwa la mistari liko wazi juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi isije ikaondoka na mteja. Lina safu ya tarehe, ya jina, ya namba ya simu, ya namba ya kitambulisho, ya kiasi na ya sahihi. Unapoinama kusaini mstari wako, waliokutangulia wote wako mbele ya macho yako. Huyu katoa laki nne na nusu, yule kaweka milioni na ushee, na namba zao hizi hapa. Anayefuata nyuma yako ana simu yenye kamera mkononi. Sekunde moja inamtosha.

Na namba ya kitambulisho inasema mengi kuliko tunavyofikiri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa jiulize ni watu wangapi unaowafahamu ambao namba yao ya siri ya kutolea hela ni mwaka waliozaliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, daftari la wakala limeandika namba ya simu, limeandika kiasi, na bila wakala mwenyewe kujua limeandika na namba ya siri. Kama umejiona katika sentensi hii, acha kusoma kwanza, kabadilishe. Usiweke mwaka wa mtoto pia, wala 1234.

Mawakala siwalaumu kwa kuandika. Wametakiwa kuweka kumbukumbu, na zikitokea lawama za muamala daftari ndilo linalowaokoa. Wanachoweza kufanya hakina gharama. Chukua kipande cha boksi gumu chenye ukubwa wa kurasa mbili, kata dirisha lenye upana wa mstari mmoja, kilaze juu ya daftari. Mteja anaona mstari wake tu, na kila akija mwingine unakishusha hatua moja. Daftari likijaa, lifungie kabatini, na siku ya kulitupa ulichome moto. Nasema uchome kwa sababu pale stendi nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye nakala ya fomu ya mtu, picha ndogo ya pasipoti ikinitazama, namba ya NIDA na ya simu zikiwa hapo chini. Karanga zilikuwa nzuri. Fomu ile ilitoka wapi sijui, lakini wenye maduka ya kutoa nakala wanajua ni mafungu mangapi ya karatasi zilizoharibika huondoka jioni kwenda kwa wauza vitafunwa. Ukitoa nakala ya kitambulisho, omba na ile iliyotoka vibaya. Ni yako, chukua uende nayo. Na ile inayokwenda ofisini, ichore mistari miwili ya mshazari katikati uandike kati yake: "Kwa ajili ya kufungua akaunti" au "Kwa maombi ya mkopo wa kikundi tu," pamoja na tarehe. Nakala yenye maandishi hayo haimfai kirahisi mtu wa pili.

Jambo la namba ya siri kwa wazee linastahili aya yake. Bibi anashuka kutoka kijijini, amelipwa, anampa kijana simu: "Mwanangu nisaidie, mimi sioni vizuri. Namba yangu ni hii." Anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kijana mwenye adabu zake anaipokea, anatoa hela, anamhesabia, wanaagana vizuri. Miaka yote mambo yanakwenda salama, mpaka siku yanapoharibika, na siku hiyo hata kijana asiye na hatia atashikwa. Ukiwa wakala, jibu liwe moja kila siku: "Hapana bibi, andika mwenyewe, mimi nitakuelekeza kwa mdomo." Akishindwa kabisa, aje na mtoto au mjukuu aliyemchagua yeye. Na enyi watoto mlioko Mbeya na Dar es Salaam mnaomtumia mama hela kila mwezi, mkija likizo kaeni naye nusu saa. Mfundisheni kuandika tarakimu nne kwa kugusa vitufe bila kutazama. Kwenye simu ya vitufe, kitufe cha 5 kina kinundu cha kumwongoza kidole. Zawadi hiyo itamfaa kuliko kanga ya tatu.

Laini za simu nazo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019. Mwisho wake ulipangwa kuwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya 20 Januari 2020. Watu walilala kwenye foleni za NIDA. Tangu hapo kidole ndicho sahihi, na wezi nao wakahamia kwenye kidole. Unasajili laini moja kwa kijana wa mwavuli, anakwambia, "Haijasoma mama, weka tena." Unaweka. "Tena kidogo." Kwa mtu wa Dar hiyo ingetosha kumtia shaka, lakini huku kwetu vidole vya mchuma chai na mpalilia viazi vimesagika kweli, mashine huwa haivisomi. Mwaminifu na mwizi wanasema sentensi ile ile. Kwa hiyo usihangaike kubashiri uso wa mtu; ukishamaliza kusajili, kabla hujaondoka hapo, piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, usiridhike na ahadi ya huyo kijana. Nenda kwenye duka lenyewe la kampuni husika, uikatae iondolewe. Laini hiyo ikitumika kutapeli mtu Sumbawanga, polisi watakuja kwako, kwa sababu jina ni lako. Fanya ukaguzi huo mara kwa mara hata kama hujasajili laini mpya.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiufute kwa hasira. Usambaze kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kutaja namba iliyoutuma. Takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za majaribio ya utapeli kwa mikoa zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro mbele, na Mbeya yetu haiko mbali nayo. Namba hufungwa kwa sababu watu wameziripoti. Wanaokaa kimya wanaziacha zimfikie jirani.

Sasa tufike kwenye mikopo ya simu, ambako nina mengi ya kusema, maana hapa ndipo aibu inapofanywa biashara.

Januari, ada. Au mtoto amelazwa na unatakiwa kulipia dawa kabla ya jioni. Tangazo linapita kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, picha zako, ujumbe wako, mahali ulipo. Unabonyeza "ruhusu" mara nne kwa sababu bila hivyo haiendelei. Unapata laki moja pungufu ya makato, urejeshe kubwa kuliko hiyo baada ya siku saba. Siku ya nane, mjomba wako Kyela, mchungaji wako, mwalimu mkuu wa mwanao na yule mnunuzi wa parachichi mliyeongea mara moja tu, wote wanapata ujumbe: fulani ni tapeli, amekopa amekimbia, wewe ni mdhamini wake, mwambie alipe. Wengine huongezewa na picha. Dhamana waliyokwambia haipo, ilikuwepo: ni heshima yako mbele ya watu wako, na uliikabidhi ulipobonyeza "ruhusu."

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lilikuwa jambo jema lililochelewa. Kenya walikuwa wameshapita njia hiyo: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiohusika kutuma ujumbe wa vitisho na wa kudai madeni. Mwaka huo huo Google nao walipiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye duka lao kusoma orodha ya namba na picha za mtumiaji, kuanzia 31 Mei 2023. Hapo una kipimo chepesi. Programu ya mkopo ikikuomba orodha ya namba zako, ama inavunja masharti ya duka ilimotoka, ama imekujia kwa kiungo cha WhatsApp bila kupitia duka lolote. Kwa vyovyote vile, iache.

Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni, na jina la kampuni liwe lile lile, siyo linalofanana nalo. Pia usiikimbilie simu kabla hujakiuliza kikoba chako. Riba ya kikundi, hata ikiwa chungu, inajadiliwa na watu wanaokufahamu uso kwa uso.

Na kama umeshaingia? Kufuta programu hakurudishi namba zilizokwisha kunyonywa, lakini kunazuia za kesho. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa zote, ndipo uifute. Kabla ya kuifuta, piga picha za skrini: jina la programu, kiasi ulichopokea, kiasi unachodaiwa, tarehe, na kila ujumbe wa vitisho. Waombe waliotumiwa ujumbe wakuhifadhie wa kwao. Aibu itakwambia umwombe mjomba aufute haraka. Usiisikilize aibu, ujumbe ule ndio ushahidi. Deni halali lilipe, maana ni lako, ila lilipe kwa namba ambayo jina lake ni la kampuni. Na wewe uliyepokea ujumbe wa kumdai mwenzio, elewa kwamba kuwemo kwenye orodha ya simu ya mtu hakukufanyi mdhamini wake. Usimpigie kumsema. Mpigie umwambie umepokea na umeuhifadhi.

Ukishakuwa na ushahidi, unaye wa kumpelekea. Katiba yetu, ibara ya 16, inatambua haki ya faragha na hifadhi ya mawasiliano binafsi, lakini kwa miaka mingi ilikosa sheria mahususi ya kuishika mkono. Ikapatikana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia 3 Aprili 2024. Sheria inawaita wanaochukua taarifa zetu wakusanyaji. Neno hilo halimaanishi kampuni za simu na benki peke yake. Linagusa chama cha wakulima wa chai, SACCOS, shule, zahanati, mnunuzi wa parachichi anayeandika jina lako, akaunti yako na wakati mwingine ramani ya shamba lako. Mkusanyaji anatakiwa kujisajili kwenye Tume, akwambie anachukua nini na kwa kazi gani, asikitumie kwa kazi nyingine, asikae nacho kuliko inavyohitajika, na akilinde. Wewe una haki ya kuona alichoandika, kukisahihisha, na kumkataza kukutumia matangazo. Kufichua taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumgharimu mtu binafsi faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, na kampuni faini ya hadi bilioni 5.

Karatasini ni sheria yenye meno. Shida ni umbali: Tume iko Dodoma, na kutoka Tukuyu mpaka huko ni zaidi ya kilomita 600. Malalamiko hupokelewa pia kwa njia ya mtandao, lakini mwenye simu ya vitufe hana mtandao huo. Nadhani Tume ingefaa ikubaliane na halmashauri, ile ya Rungwe na ile ya Busokelo, kila moja iwe na ofisa mmoja wa kupokea malalamiko ya wananchi na kuyapeleka mbele. Mpaka hilo litokee, tumieni kijana mmoja wa kijiji anayejua kujaza fomu, kama mnavyomtumia kwa mambo ya mbolea ya ruzuku. Kwa mambo ya laini na kampuni za simu, ofisi ya kanda ya TCRA iko Mbeya mjini, nauli ya kwenda na kurudi siku moja. Kama fedha imeibwa, anza polisi upate RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa kuwa bila hiyo kampuni nyingi hazikusikilizi.

Kuna upande mwingine wa sheria hiyo ambao haupendezi kuuandika, ila kuunyamazia ni kumdanganya msomaji. Imeacha milango kwa sababu za usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Kila nchi inayo milango hiyo. Mjadala ni nani anashika ufunguo na nani anamkagua. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika madai yaliyotolewa katika kesi ya kazi huko London na Michael Clifford, aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom. Alidai kwamba Tigo, wakati huo mali ya kampuni hiyo, iliwapa watu wa serikali taarifa za simu na mahali alipo mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma, 7 Septemba 2017. Ni madai, na nayaita madai. Lakini yanamwonyesha hata asiyependa siasa kwamba simu, hata ya vitufe, kila saa inaujulisha mnara mahali ilipo, na kampuni inajua. Hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia hapo. Kinachosaidia ni mahakama na Bunge. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la wakili Tito Magoti, ilikubali kwamba baadhi ya vifungu vya sheria hii vimeandikwa kwa maneno mapana mno na vinakiuka Katiba. Mbunge akija kuomba kura Tukuyu, pamoja na barabara na bei ya majani mabichi, mwulizeni na hili.

Turudi nyumbani, kwa makatibu wa vyama vyetu. Ndugu katibu, ile orodha ya malipo uliyobandika mlangoni kwa wino mwekundu, jina, simu, akaunti, kilo, shilingi, ulikuwa unatafuta uwazi, na wanachama walikudai uwazi. Uwazi unatosha kwa namba ya uanachama na kilo. Mwenye namba atajijua. Simu na akaunti zibaki kwenye kitabu. Usiitume orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp. Makundi yale yana watu waliokwisha hama, waliouza simu zao bila kufuta, na wengine ambao namba zao kampuni imeshawapa watu wengine. Kompyuta ya ofisi iwe na nywila isiyobandikwa kwenye kioo chake. Simu ya chama isiwe simu ya mtoto kuchezea gemu jioni. Na akija mtu wa mradi, awe wa mzungu au wa wizara, akaomba majina yote ya wanachama na namba zao, mwombe barua na cheti chake cha usajili wa Tume kabla hujamfungulia kabati. Wanunuzi wa parachichi wanaouza Ulaya wanazifahamu kanuni hizi vizuri sana, maana huko sheria kali ya data inatumika tangu 2018. Asije mtu akakwambia huku ni karatasi tu.

Walimu wakuu, mahafali yanakuja. Picha za watoto wenye majoho zinapendeza, lakini jina kamili, darasa na shule chini ya kila picha ni kazi mnayomrahisishia mtu asiyefaa, hasa yule anayepiga simu saa nne usiku kumwambia mzazi mwanao amezidiwa bwenini, tuma hela ya gari. Nairobi, shule ya Roma ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ombeni idhini kwa maandishi, na mzazi akikataa msimtenge mtoto. Mpangeni kwenye picha isiyotoka nje. Wazazi nao wakubaliane na shule namba moja tu ya simu itakayotumika kwa dharura, na simu ikitoka namba nyingine, wapige kwanza hiyo waliyokubaliana.

Wahudumu wa afya mnajua mnachotakiwa kufanya na kadi za wagonjwa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 ililisema wazi suala la usiri. Nawakumbusha simu zenu tu. Picha ya kadi iliyotumwa kwa mwenzako "unisaidie kusoma mwandiko" inabaki kwenye simu zote mbili.

Na sisi wengine wote, ile barabara ya Mbeya kwenda Kyela tunaijua, ukungu wake, miteremko yake na malori yake. Ajali ikitokea, kuna mtu anafika na kamera kabla ya machela. Kabla saa haijaisha mama wa marehemu ameshaona kwenye status ya mtu asiyemfahamu kile ambacho ukoo ulikuwa unapanga nani aende kumwambia. Ukitumiwa picha hizo, usizisambaze, na ukimjua aliyezianzisha mwambie azitoe. Maiti haiwezi kuweka sahihi ya idhini.

Mnaotaka kuanza mahali, anzeni na barua moja fupi kwa mkusanyaji mnayemdai, kwa Kiswahili cha kawaida. Iandikwe hivi kwa maudhui: mimi ni mwanachama au mteja wenu, naomba kujua ni taarifa gani zangu mnazo, mlizichukua kwa kazi gani, nani mwingine mmempa, na zinafungiwa wapi, naomba pia namba yenu ya usajili wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Weka tarehe, weka sahihi. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani. Watu watano wa kijiji kimoja wakiandika barua hiyo kwa chama kile kile, mkutano mkuu unaofuata utakuwa na ajenda mpya. Wasipojibu, barua yenye muhuri inaambatanishwa na malalamiko kwenda Tume, ambayo sheria imeipa siku 90 za kuyachunguza, na uwezo wa kuongeza muda.